Kitambaa, vifungo na kabati: jibu kwa msomaji wa juma lililopita

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Kamalondo, hapa Lubumbashi. Katika toleo la juma lililopita mlichapisha barua ya msomaji mwenzangu aliyeeleza kwamba klipu ya wimbo "Lazarus" wa David Bowie, ambayo vijana wetu wanarushiana kwenye simu, ni kazi ya watu wa vyama vya siri, na kwamba vile vifungo viwili vilivyowekwa mahali pa macho ya mwimbaji ni alama ya mtu aliyeuza roho yake. Barua hiyo nimeisoma mara tatu. Mwandishi wake ameandika kwa nia ya kuwalinda watoto, na nia hiyo ninaiheshimu. Lakini nimefundisha uchoraji kwa miaka mingi katika shule za mji huu, na nimemuuguza dada yangu mpaka siku yake ya mwisho. Kwa sababu hizo mbili nimeshindwa kunyamaza.

Nianze na yale yanayojulikana. Bowie, mwimbaji wa Uingereza, alikuwa na saratani ya ini, na ugonjwa huo aliuficha kwa watu wote isipokuwa wachache wa karibu naye. Klipu ilitoka tarehe 7 Januari 2016. Kesho yake, siku aliyotimiza miaka 69, ikatoka albamu yake ya mwisho. Tarehe 10 akafariki. Walioitazama siku ya kwanza waliona mzee amelala kitandani, ameshika ukingo wa shuka, uso umefungwa kitambaa chenye vifungo viwili juu ya macho, na wengi wao walidhani ni ubunifu tu wa msanii aliyezoea kubadilisha sura. Baada ya siku tatu watu hao hao waliitazama tena kwa machozi. Picha ilikuwa ile ile, ila sasa walijua kwamba aliyelala pale alikuwa anaumwa kweli.

Ningependa msomaji mwenzangu azitafakari siku hizo tatu, kwa sababu zinaonya pande zote mbili. Wapo wanaosema kwamba kila kitu ndani ya klipu ile, hadi mguu wa meza, ni ujumbe wa kuaga uliofichwa. Hao nao wanazidisha. Johan Renck, Mswidi aliyeiongoza, alieleza katika filamu ya BBC iliyoonyeshwa mwaka 2017 kwamba wazo la kumlaza Bowie kitandani halikutokana na ugonjwa. Alikuwa akiifikiria hadithi ya Lazaro wa Biblia. Alikuja kujua baadaye kwamba Bowie alipata habari ya kusimamishwa kwa matibabu katika juma lile lile walilokuwa wakipiga picha. Kwa hiyo kitanda kililetwa na mtu mmoja kwa sababu yake, na aliyelala juu yake alikuwa na sababu nyingine moyoni, nzito kuliko ile ya kwanza, na sababu zote mbili zimo ndani ya picha. Hilo halipaswi kutushangaza sisi watu wa Lubumbashi, ambao hatukuanza jana kusoma picha.

Wazee wenzangu wanakumbuka sebule za mitaa yetu katika miaka ya 1960 na 1970. Ukutani kulikuwa na mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, au ile picha iliyoitwa "Colonie belge", yaani koloni la Ubelgiji, yenye mfungwa aliyelazwa chini akichapwa fimbo. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mjini humu mwaka 1947, alichora historia nzima ya nchi yetu ya Kongo katika picha 101. Picha za namna hiyo tuliziita ukumbusho, na kazi yake ilikuwa kuwakalisha watu chini wazungumze. Nilipokuwa mtoto nilimsikia baba akiwaeleza wageni picha ya mfungwa. Hakuichukua fimbo peke yake na kuuliza fimbo maana yake nini. Alionyesha aliyeishika, kisha Mzungu aliyesimama pembeni bila kujichafua mikono, kisha bendera juu yao wote, kisha wanawake waliokuja na maji. Fimbo ilipata maana yake kwa majirani zake ndani ya picha. Basi sioni kwa nini klipu inayotoka ng'ambo tuisome kwa sheria nyingine, kwa kuchukua orodha ya alama tuliyoletewa na mtu mwingine na kutafuta ni ipi inayofanana.

Tuvitazame hivyo vifungo pamoja na majirani zake. Kwanza nadhani neno letu lenyewe limetutega: vifungo vya shati, na vifungo ambavyo wachungaji wanaomba vifunguliwe, kwetu ni neno moja, lakini mwimbaji yule hakuijua lugha yetu. Jirani wa kwanza wa vifungo vyake ni kitambaa, na kitambaa kina jirani yake katika jina la wimbo. Katika Injili ya Yohana, sura ya 11, Lazaro wa Bethania anatoka kaburini baada ya siku nne, mikono na miguu imefungwa sanda, uso umefungwa leso, na Yesu anaamuru afunguliwe aende zake. Leso ile ndiyo ninayoiona juu ya uso wa Bowie. Tofauti ni kwamba juu ya kitanda kile hakuna anayekuja kuifungua, na mahali pa macho pameshonwa vitu vilivyokufa, kama wanavyoshonewa wanasesere wa nguo wa watoto. Aliyewahi kulazwa kwa miezi anajua hali hiyo: unageuzwa, unaoshwa, unavalishwa, watu wanazungumza juu yako kana kwamba hupo, na mwili wako unakuwa kitu kilicho mikononi mwa wengine. Hayo ndiyo ninayoyasoma katika vifungo.

Yuko pia Lazaro wa pili, yule wa Injili ya Luka, maskini mwenye vidonda mlangoni kwa tajiri. Maneno ya kwanza ya wimbo yanamtaja mtu aliyeko mbinguni, mwenye makovu yasiyoonekana, na mimi siwezi kuyasikia bila kumkumbuka huyo pia.

Kisha kuna mwanamke aliye chini ya kitanda, ambaye mkono wake unapanda kumwelekea mgonjwa. Msomaji mwenzangu ameandika kwamba ni jini. Wengine wanasema ni mauti, au ni ugonjwa wenyewe, na usomaji huo una nguvu, kwa sababu mgonjwa anaonekana kuinuka juu ya kitanda kana kwamba anaukimbia mkono. Lakini lazima nikiri jambo nililoliona mimi mara ya kwanza. Katika hospitali zetu ndugu anayemlinda mgonjwa hulala sakafuni, juu ya mkeka, nusu ya mwili wake ikiwa chini ya kitanda ili wauguzi wapate njia. Nililala hivyo majuma kumi na moja kando ya dada yangu, aliyekuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Usiku, maumivu yalipomzidi, hakupiga kelele. Alishusha mkono wake gizani, nami niliinua wangu mpaka vikutane vidole, vyake vikavu na vyenye moto kama jiwe la jikoni. Kwa hiyo mkono ule wa kwenye klipu nilidhani ni wangu. Ninajua kwamba Renck hakuijua mikeka yetu, na sitamwambia mwanafunzi yeyote kwamba hiyo ndiyo maana ya picha. Ninasema tu kwamba kila mtazamaji huja na kitanda chake, na uaminifu ni kutenganisha kile tulichokuja nacho na kile kilichowekwa mbele yetu. Aliyeona jini naye alikuja na kitu, na ingefaa akitaje.

Ndani ya klipu Bowie anaonekana kwa sura mbili. Bowie wa pili, mwenye macho wazi, amevaa vazi jeusi lenye mistari ya mshazari kama lile alilopigwa nalo picha katikati ya miaka ya 1970. Ameketi mezani, karibu na fuvu la kichwa, anaandika kwa pupa. Fuvu hilo limeitwa ushahidi wa uchawi. Wachoraji wa Ulaya waliliweka mezani pa wasomi na watawa kwa karne nyingi ili kumkumbusha aliyeketi kwamba siku zake zina hesabu, na mtu mwenye saratani hana haja ya kukumbushwa hilo na mtu mwingine.

Kuhusu kuandika nina la kusema zaidi. Dada yangu aliuza unga sokoni, na katika mwezi wake wa mwisho aliomba daftari la shule. Aliandika kutwa, amejikunja, kalamu inaanguka, naokota, anaendelea. Jirani mmoja aliyekuja kumsalimu aliona majina ya watu yamepangwa mstari kwa mstari, akatoka nje akasema kwamba mgonjwa anaandika majina ya wale anaotaka kuondoka nao. Maneno hayo yalizunguka mtaa mzima kwa siku mbili, na tangu hapo wageni walipungua mlangoni. Lilikuwa daftari la madeni: nani alichukua unga kilo ngapi, nani amelipa nusu, na yeye mwenyewe anadaiwa na nani. Ukurasa wa mwisho una jina bila hesabu. Ndiyo maana barua ya juma lililopita imeniuma kuliko inavyostahili barua ya gazetini. Mtu aliyezoea kusoma alama kwa orodha haachi zoea hilo anapozima simu. Anaingia nalo chumbani mwa mgonjwa, anasoma wembamba wake, daftari lake, macho yake.

Tunaijua tabia hiyo tangu zamani. Mwaka 1987 Franco Luambo, mwanamuziki wa nchi yetu, alitoa wimbo wake juu ya ukimwi, "Attention na Sida", akazungumza waziwazi kama mhubiri, bila kuhitaji kitambaa wala vifungo. Alipofariki Ubelgiji mwaka 1989, wengi wetu tulikuwa tumekwisha kugeuka na kuanza kuusoma mwili wake uliokonda, badala ya kusikiliza alichotuambia.

Limebaki kabati. Mwisho wa klipu, Bowie wa pili anarudi nyuma hatua kwa hatua, uso ukituelekea, anaingia ndani ya kabati la mbao, na mlango unafungwa. Lazaro wa Bethania aliitwa, akatoka. Huyu, mwenye kuimba kwa jina lake, anaingia, hakuna aliyemwita wala anayemsukuma, na anaingia akitutazama. Sehemu hiyo ndiyo iliyobeba klipu yote, na katika barua ya msomaji mwenzangu haikutajwa hata kwa sentensi moja.

Wala katika gazeti haikuonekana, Bwana Mhariri. Picha mliyoiweka pembeni ya barua ile ilikatwa, yakabaki macho yenye vifungo peke yake. Ninaomba, ikiwa mtaichapisha barua hii, mwiweke picha nzima, kitanda kionekane, na mikono iliyoshika shuka ionekane. Na nafasi ikiruhusu, mwongeze ile ya kabati.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu wa uchoraji,
Kamalondo, Lubumbashi