Diwani si wa mitaro tu

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika humu kwamba madiwani wa Marekani waliopitisha maazimio dhidi ya Sheria ya Patriot, ile ya kupambana na ugaidi, walikuwa wanajifurahisha tu: usalama wa taifa ni kazi ya Washington, diwani ashughulike na mitaro na taka. Sikubaliani naye. Miaka ile nilikaa kaunta ya maktaba ya umma katika mji mdogo wa Massachusetts, na niliyoyaona nayajua.

Sheria ile ilisainiwa tarehe 26 Oktoba 2001, siku 45 tu baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Katika Seneti alipinga mtu mmoja, Russ Feingold wa Wisconsin. Kifungu cha 215 kiliwapa FBI, wapelelezi wa serikali kuu, njia ya kwenda kwenye mahakama ya siri na kupata amri ya kuchukua kumbukumbu za aina yoyote, za maktaba zikiwemo, na aliyepelekewa amri hiyo alikatazwa kumwambia mtu.

Kuna mzee alikuwa haikosi Jumamosi. Siku moja alileta kitabu cha historia ya Afghanistan, akakiweka mbele yangu bila kukiachia. Akaangalia kompyuta, akauliza kwa sauti ya chini: "Jina langu linakaa humo muda gani?" Sikuwa na jibu. Akakirudisha rafuni mwenyewe. Toka hapo alikuja kusoma magazeti, kuazima hakuazima tena.

Baraza letu lilipopitisha azimio, halikufuta sheria ya taifa, wala hakuna aliyedai limeifuta. Lakini polisi wa mji na maktaba ya mji viko chini ya baraza, na hao ndio wangegongewa mlango kwanza. Tukaambiwa: msitoe kitu kwa hiari, asiye na amri ya mahakama arudi alikotoka. Mkuu wetu akaagiza jina la mwazimaji lifutwe kitabu kikisharudi. Orodha za watu wanaosubiri kompyuta zikawa zinachanwa kila jioni. Kazi hiyo niliifanya mimi, kwa mashine iliyokuwa ikikwama kila karatasi ya tatu, nami nikiitukana kwa Kiswahili ili wateja wasielewe. Amri ikija, tungetoa tulichonacho. Tusichonacho tungetoa wapi?

Arcata, California, walikwenda mbali zaidi mwaka 2003: mkuu wa idara ya mji atakayeshirikiana kwa hiari na wapelelezi wa sheria hiyo atozwe faini ya dola 57. Cheka, hata mimi nilicheka. Ila Ann Arbor, Michigan, walishapitisha azimio lao Januari 2002, na New York yenyewe ilipofuata Februari 2004, kicheko kilipungua.

Nakubali, hayo hayakuizuia Washington. Mwaka 2013 Edward Snowden, aliyefanya kazi ya kandarasi katika shirika la ujasusi la Marekani, alionyesha kuwa kifungu hichohicho kilitumika kuzoa kumbukumbu za simu za mamilioni ya watu, na ni mahakama ya rufaa, si madiwani, iliyosema Mei 2015 kwamba uzoaji huo haukuruhusiwa na sheria.

Lakini maktabani kwetu tulibandika tangazo kaunta kueleza utaratibu mpya. Yule mzee alilisoma, nadhani mara mbili. Jumamosi hiyo aliazima kitabu cha kupanda nyanya. Iliyofuata akaja na kile cha Afghanistan.

Mkutubi mstaafu,
Massachusetts, Marekani