Taasisi za leza si anasa

Mhariri,

Wapo wanaoona kwamba taasisi ya chuo kikuu inayochunguza leza ni anasa: fedha nyingi, vioo vingi, matunda hayaonekani. Siafikiani nao hata kidogo.

Chukua maabara ya leza ya Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1970. Hapo Donna Strickland, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu, na msimamizi wake Gérard Mourou walikumbana na tatizo sugu: mpigo wa leza (mmweko mfupi sana wa mwanga wake) ukiongezwa nguvu mno huharibu kifaa chenyewe kinachouongeza nguvu. Wao waliupitisha kwanza kwenye uzi wa kioo wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, ukarefuka na kupungua makali. Wakauongeza nguvu ukiwa hivyo, kisha wakaubana tena uwe mfupi na mkali. Makala yao ilitoka mwaka 1985, Tuzo ya Nobeli ikaja mwaka 2018. Leo mbinu hiyo hutumika hata katika upasuaji wa macho.

Nani angethubutu kuahidi hayo alipokuwa akiomba ruzuku? Wanaodai bidhaa kila mwaka wa fedha (na mara nyingi ndio wa kwanza kupunguza mafundi) hawajui wanachokata. Punje moja ya vumbi juu ya lenzi inaweza kusababisha leza kali iunguze lenzi hiyo. Mnapoandika kuhusu taasisi hizi, tafadhali wahojini na mafundi wanaosafisha na kupanga vioo hivyo, si maprofesa peke yao.

Msomaji wenu