Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ada kwa Ngazi, Sare na Madeni

Ndugu wanachama, wazee wetu na kina mama, Assalaam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua: futari, Maulidi, usafi wa makaburi, rambirambi, rangi ya madarasa mawili. Zimefanyika, risiti anazo Mshika Fedha.

Nitakaa zaidi kwenye ada kwa ngazi, maana imesemwa sana barazani na kidogo mno kikaoni. Zamani kila mtu alilipa shilingi 5,000 kwa mwezi, tukaita usawa. Mwenye mshahara haisikii. Mama wa mwani anavuna kwa bamvu, maji yanapokupwa sana, anaanika, kisha anamngojea mnunuzi. Kwake hizo ni kilo kadhaa za mwani mkavu. Mvuvi wa dagaa, mwezi ukiwa mkubwa, chombo kimelala pwani. Ndipo Kamati, chini ya uongozi wangu, ikaamua: mshahara 10,000, biashara 5,000, wakulima, wavuvi na kina mama wa mwani 1,000, nao wanaweza kulipa mara moja baada ya mauzo. Mwanafunzi halipi.

Wenye mshahara wameniambia ninawatoza jasho lao. Jasho lipo, sikatai. Lakini elimu ilitangazwa bure Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964, na nauli ya kwenda Unguja kusoma wengi wetu tulilipiwa kwa karafuu za eka tatu, mashamba ambayo wazee waligaiwa na Serikali baada ya Mapinduzi. Karafuu hizo kuna dada aliyezichambua makonyo na kuzigeuza juani wakati kaka yuko dakhalia, bweni la skuli. Huyo dada leo yumo ngazi ya 1,000. Anayeona tumempendelea aje aseme mbele yake.

Wengine wanataka ada ihesabiwe zaka. Haiwezekani. Zaka ya fedha ina kiwango chake, thamani ya gramu 85 za dhahabu iliyotimiza mwaka, hutolewa asilimia 2.5, na wanaostahiki wametajwa. Ada hununua hata chai ya kikao. Mwenye zaka aitoe mbali, tutaifungulia daftari lake.

Sare za skuli nazo zimeleta maneno, kwa kuwa tumeacha kugawa vitambaa mbele ya kamera kabla ya Idd. Kitambaa bila ya fedha ya fundi hubaki kitambaa, na mtoto aliyepigwa picha akipokea hutaniwa darasani mwaka mzima. Sasa walimu na sheha wanaleta orodha Disemba, fundi wa kijijini anapima, anaacha pindo la vidole vinne la kushushia mtoto akirefuka, analipwa nusu mwanzo na nusu akikabidhi. Januari skuli zikifunguliwa sare iko nyumbani. Waliokosa picha watuwie radhi.

Hesabu: wanachama 64 bila ya wanafunzi. Ada iliyotakiwa 4,008,000, iliyoingia 2,610,000, matumizi 2,385,000, baki 225,000. Deni ni 1,398,000, na katika hilo 960,000 ni la ngazi ya mshahara, hao hao wenye sauti kubwa. Vikao vya robo mwaka havikuzidi watu 19. Viwili vilikosa akidi, na mvua haikunyesha.

Mwakani, Mungu akijaalia, tunatarajia chumba cha kujisomea, na pengine taa za jua, kadiri hali itakavyoruhusu. Madeni yapelekwe kwa Mshika Fedha pamoja na ya kutolea. Kwangu mimi msilete.