Mjomba, samaki walikuwa pima 7 chini

Mjomba, jambo sana.

Juzi kwenye simu uliniuliza swali moja, laini ikakatika kabla sijajibu: hayo maji ya huko yanayopata theluji, kweli yana samaki? Najibu hapa mbele ya watu wote kwa sababu wajukuu zako wengine bado wako Nyarugusu, kambini Tanzania, wengine wametawanyika humu Marekani, nami nataka wajue ulichonifundisha pale Baraka, kwetu Kongo kando ya Tanganyika, kimefika wapi.

Jumamosi iliyopita nilitoka Boise saa kumi alfajiri na jirani yangu, mzee wa hapa jimbo la Idaho mwenye boti ndogo ya bati. Tulikwenda Lucky Peak, si mbali na mji. Si ziwa la Mungu kama Tanganyika. Ni mto Boise uliozibwa kwa bwawa lililokamilika mwaka 1955, ili mafuriko yasifike mjini na mashamba yapate maji. Ukisimama ufukweni, ng'ambo unaiona vizuri kabisa. Vilima vimelizunguka pande zote, vikavu, majani yake yana rangi ya simba. Nilipoliona mara ya kwanza miaka ile tumefika, nilisikitika. Nilidhani kwa kuwa ni dogo, halina la kunifundisha.

Wavu hatukuweka, wala taa. Huku tunarambaza: boti inakwenda polepole sana, kama kilomita 2 kwa saa, mtu anayetembea ufukweni angetupita, na mishipi inaburutwa nyuma. Kwenye mshipi kunafungwa kibati kinachoyumba na kumeremeta majini, halafu nyuma yake chambo cha bandia cha rangi ya waridi, chenye vinyuzi vya mpira kama pweza mtoto. Kwenye ndoana unachomeka punje ya mahindi meupe ya kopo. Mahindi, mjomba! Jirani huyaloweka usiku kucha kwenye mafuta ya samaki. Na ili chambo kishuke, pembeni mwa boti kuna roda yenye waya na tufe zito la risasi la kilo 4 na zaidi. Ni chubwi ileile yako, ila hii ina mkono wa kuzungusha na namba zinazosoma kina.

Tuliyemfuata anaitwa kokanee. Ni samaki wa ukoo wa samoni, yule anayeitwa sockeye, isipokuwa huyu haendi baharini. Anakulia ziwani, anazeekea ziwani, na akifikisha miaka 3 au 4 hivi anageuka mwekundu, anataga, anakufa. Mwili wake wa fedha ungekufanya umdhanie ndagala, dagaa wetu wa Tanganyika, aliyenenepa. Na chakula chake kinafanana na cha ndagala: vidudu vidogo vinavyoelea majini, ambavyo jicho linavipata kwa shida.

Kabla jua halijatokeza tulipata trauti wawili karibu na juu ya maji, wale wenye mstari wa waridi ubavuni. Mmoja aliruka mara tatu, jirani akacheka kama mtoto. Kisha kimya. Saa moja ikapita, saa mbili, fimbo zimetulia. Jua likapanda juu ya vilima na joto likaanza kuuma shingo.

Hapo nikakukumbuka wewe. Nilikuwa na miaka kama 9, mwaka mmoja kabla hatujakimbia, nimekaa miguuni pako mtumbwini alfajiri, taa zinazimwa moja moja. Nikakuuliza ndagala wanakwenda wapi kukipambazuka. Ukaniambia hawaendi mahali, wanashuka. Kila samaki ana ghorofa yake, na mwanga ndio unaomhamisha. Ukanipa mshipi wenye mafundo, nikahesabu pima, yaani upana wa mikono iliyonyooshwa, kwa mikono yangu mifupi, ukanisahihisha.

Nikamwambia jirani, jua limepanda, hawa wameshuka, tupeleke chubwi mita 12. Mikono yangu ilikuwa imeshahesabu pima 7 kabla kichwa hakijageuza kuwa mita. Akatazama mashine yake ya kuonyesha samaki. Vile vijistari vilivyopinda, ambavyo ndio samaki, vilikuwa vinaanza kujipanga kati ya mita 11 na 13, kwenye maji ya baridi wanayoyapenda. Akanitazama, akauliza nani amenifundisha ziwa hili. Nikamjibu, mjomba wangu, na hajawahi kulifika.

Fimbo ya kwanza ilitikisika kabla hatujamaliza kugeuza boti.

Lakini hapa palikuwa na jambo ambalo hukunifundisha. Mdomo wa kokanee ni laini kama karatasi iliyolowa. Mimi nilivuta kama navuta sangala, yule samaki mkubwa wa Tanganyika, akachomoka. Wa pili vilevile. Roho iliniuma sana, kwa maana nilimwona akimeta kando ya boti halafu hayupo. Wa tatu jirani alinishika kiwiko, akaniambia mwache akimbie, fimbo ipinde, usimkaze. Tukampata. Mpaka saa nne tulikuwa na kokanee 5, tukatosheka.

Wakati wa kurudi jirani alinisimulia habari za Redfish Lake, ziwa lililo milimani humu humu Idaho, lililopewa jina hilo kwa sababu ya sockeye wekundu waliokuwa wakilijaza. Wale wao ndio wa baharini. Wanarudi kutoka Pasifiki kilomita zaidi ya 1,400, wakipanda karibu mita 2,000, na njiani yako mabwawa 8 makubwa. Mwaka 1992 alirudi samaki mmoja tu. Dume mmoja, ziwa zima. Watu wakampa jina, Lonesome Larry, yaani Larry Mpweke, na mbegu yake ikatunzwa ili ukoo usipotee. Nilinyamaza mpaka tukafika gatini. Mzee hakuniuliza kitu, alifunga kamba, akanipa chai kutoka kwenye chupa yake.

Nyumbani mke wangu aliwakaanga trauti. Kokanee tuliwapika mchuzi mwepesi wa nyanya, nyama yao ina rangi ya chungwa iliyoiva na mafuta ya kutosha, tukala na bugali na sombe ya majani ya muhogo. Mtoto wangu mdogo aliuliza kama huyu ndiye mukeke, samaki wa Tanganyika ninayemsimuliaga kila siku. Nikamwambia hapana, huyu ni wa hapa.

Sasa mjomba, nitumie sauti ukipata mtandao. Lile fundo ulilokuwa ukifunga juu ya ndoana, ulikuwa unazungusha mara ngapi kabla ya kupitisha? Nimejaribu tano, nimejaribu saba, likilowa linateleza. Jumamosi hii tunarudi.