Mpwa wangu, usigawanye saa kwa idadi ya wasemaji

Mpwa wangu,

Umeuliza kama inafaa kujifunza lugha ya watu elfu kadhaa tu, ilhali saa hizohizo ungezitia kwenye Kifaransa au Kichina. Kama unatafuta ajira, mara nyingi hailipi. Ukalimani wa mahakamani na hospitalini upo, ila kazi huja kwa kudondoka. Kule Wales mambo ni tofauti: sheria ya mwaka 2011 iliipa lugha yao hadhi rasmi, na ofisi za umma zinawahitaji wanaoijua. Lugha nyingi ndogo hazina bahati hiyo.

Lakini hesabu yako ina kasoro. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria saa 1,100 za darasani kwa Kirusi, na 1,100 hizohizo kwa Kiaislandi, chenye wasemaji wasiofika nusu milioni. Udogo wa lugha haurefushi safari wala kuifupisha. Ukisoma saa moja kila siku ni miaka mitatu, na ndani ya miaka hiyo utazoeana na watu ishirini hivi, hata lugha iwe na mamilioni. Jiulize kama hao ishirini unao.

Kinachopungua ni vifaa. Kabla hujaanza, tafuta mtu wa kukupa nusu saa mara mbili kwa wiki, kamusi, na maandishi yenye sauti. Mtu akikosekana, acha. Maandishi yakikosekana, Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 limetafsiriwa katika lugha zaidi ya 500, ingawa humo hutajifunza kuomba chumvi.

Kamusi ianze kusomwa kwenye utangulizi. Angalia kama toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana ya neno, zimetiwa alama. Lugha nyingi za toni huandikwa bila alama hizo, kwa hiyo maneno mawili yenye matamshi tofauti huonekana sawa, nawe unakariri la kubahatisha. Angalia pia vitenzi vimepangwaje. Mgeni wa Kiswahili anayelitafuta "walinisaidia" kwenye W hatalipata hadi ajue kwamba liko S. Wengi huitupa kamusi nzuri kwa kosa hilo tu.

Kisha mrekodi mwenyeji wako akitamka maneno. Watu hukimbilia orodha ya maneno 207 ya msingi ya mwanaisimu Swadesh, lakini iliundwa kwa ajili ya kulinganisha lugha ili kujua udugu wao. Theluji na chawa wamo, "asante" haimo. Chukua maneno mia hivi, ongeza salamu, kuomba, kukataa, pamoja na "rudia", "polepole" na "hii inaitwaje". Kikao kimoja maneno 20 yanatosha, maana mtu akichoka huanza kutamka ovyo ili amalize. Usimwache ayataje kama anayesoma orodha. Sauti hushuka mwishoni na toni ya neno humezwa. Mpe sentensi moja ya kudumu, mfano "sema fulani tena", neno likae katikati, alitamke mara mbili. Taja tarehe na namba ya kikao mwanzoni mwa kila rekodi. Faili zisizo na majina huwa takataka baada ya mwezi.

Linalowaangusha wengi zaidi ni adabu. Mwenyeji akikuona unababaika, atahamia lugha kubwa ili akusaidie, na hapo kikao kimekwisha. Huko California, tangu miaka ya 1990 kuna mpango unaomkutanisha mzee mmoja na mwanafunzi mmoja wa lugha za wenyeji wa asili, na kanuni yake ya kwanza ni kuacha Kiingereza: asiyeelewa huonyeshwa kwa vitendo. Iga hilo. Msikae mkitazamana, osheni vyombo, kunjeni nguo, pangeni vitu, kwa sababu mikono ikiwa na kazi maana huonekana bila tafsiri. Anza na dakika kumi, ongeza tano kila wiki.

Ukipata wazungumzaji wawili, baki na mmoja miezi mitatu ya kwanza. Lahaja zikichanganyika mapema, kila utakayemsalimia atacheka kwanza, halafu akuulize ni nani aliyekufundisha hivyo.