Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makaburi ya Kale na Mahali pa Ziara Pwani

Ndugu wanachama, masheikh wetu, na wazee mliotupokea katika miji yenu, Assalaamu alaykum.

Mwaka huu kamati ilielekeza nguvu karibu zote kwenye jambo moja: kuyasoma na kuyapiga picha maandishi ya makaburini kabla hayajafutika. Baadhi yenu mliuliza kwa nini tusianze na kufyeka vichaka na kutengeneza kuta. Ukuta ulioanguka hujengwa tena, ila mwaka uliochongwa kwenye jiwe la matumbawe ukishalika haurudi. Na mistari ya namna hiyo ni michache mno pwani nzima. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, una maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Gede, pwani ya Kenya, kuna kaburi la mwaka 802 Hijria, sawa na 1399, na hapo ndipo watafiti walipopata pa kuanzia kukadiria umri wa vitu vingine vya mji ule.

Tongoni, kusini mwa Tanga, ndiko tulikokaa zaidi. Pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya 40, na hakuna mahali pengine Afrika Mashariki palipokusanya makaburi ya minara, yaani yenye nguzo ndefu ya mawe juu yake, mengi kama hapo. Msafiri Mwingereza Richard Burton alipofika mwaka 1857 mji ulikuwa tayari ni magofu. Minara mingi imeshaanguka. Vijana wetu walichora ramani ya kila kipande pale pale kilipolala bila kukisogeza, kwa sababu kipande kikihamishwa, hata kwa nia njema, hatajua mtu kilitoka mnara upi. Walifundishwa pia kuangalia mwelekeo wa kaburi. Muislamu hulazwa ubavu wa kulia uso ukielekea kibla, na kwa pwani yetu kibla kiko kaskazini, hivyo kaburi hukaa mashariki na magharibi. Mahali pasipobaki jiwe la kusomeka, mwelekeo huo peke yake ni ushahidi.

Kaole, karibu na Bagamoyo, na Kunduchi, Dar es Salaam, tulishughulika na matundu. Minara ya huko ilipambwa kwa mabakuli na sahani za kaure. Baadhi yamehifadhiwa makumbusho, mengine yaling'olewa na wezi, na ukutani yamebaki mashimo ya mviringo. Tumeyapima yote tuliyoyafikia, maana upana na kina cha shimo vinaweza kulinganishwa na bakuli lililoko makumbusho likajulikana lilikaa wapi.

Linaloniuma ni saruji. Chokaa ya wazee wetu hupitisha unyevu. Saruji hufungia maji na chumvi ndani, na jiwe la matumbawe huanza kupasuka chini ya plasta pasipo mtu kuona. Tumekuta kaburi la kale limepigwa saruji na rangi ya kijani juu ya maandishi yake. Waliofanya hivyo walilipenda kaburi lile, na kwa ajili hiyo nawaomba wanachama waende kuzungumza na familia na kamati za misikiti mapema, kabla fundi hajaitwa. Ikiwa lazima kupaka kitu, iwe chokaa, na maandishi yaachwe wazi.

Najua ubani na nadhiri vimeleta maneno kati yetu. Kaole lipo kaburi la Sharifa ambalo watu wanalizuru mpaka leo. Takwa, kisiwani Manda, Lamu, kuna kaburi la mnara lenye mwaka 1094 Hijria, na watu wa Shela wana desturi ya kuvuka kwenda kuomba mvua hapo. Wapo kati yetu wanaoona ziara ni adabu njema kwa waliotangulia, na wapo wanaoona nadhiri kaburini ni shirki. Kamati haikutoa fatwa na haitatoa. Tunaandika desturi kama mwenyewe anavyoieleza. Atakayekwenda kuwakosoa wenyeji asiende kwa jina la chama. Na ninawashukuru hasa kina bibi: mara nyingi wanaume walituambia "hilo ni kaburi la zamani tu," na bibi akatutajia aliyelala pale, ukoo wake na siku ya kisomo chake.

Hatukuchimba popote. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inataka kibali, na kazi yetu ni ya juu ya ardhi. Hesabu atazisoma mhazini.

Mwaka ujao, inshallah, tunakwenda Kua, kisiwani Juani, Mafia. Tunahitaji watu wanaosoma hati za Kiarabu zilizochakaa, na angalau wanawake wawili wa kukaa na kina mama wa huko. Wenye nia waandikishe majina kwa katibu leo kabla mkutano haujafungwa, ili barua za ruhusa zitangulie kwa wazee wa Juani.

Wabillahi taufiq.

Mwenyekiti