Mwanangu, Oksijeni Kwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako wa jana, kwamba katika jaribio lako la kugonga protoni kwa florini-18 alfa (viini vya heli) zimetoka nyingi kuliko ulivyotarajia, umenifurahisha na umeninyima usingizi. Oksijeni-18 umeipima?

Mkondo wa viini vya florini-18 hauji peke yake. Oksijeni-18 ina namba ileile ya uzito, sumaku hushindwa kuichuja yote, nayo ikigonga protoni hutoa alfa vilevile. Ukihesabu alfa tu, utahesabu na za jirani. Subiri alfa na kiini kizito vifike pamoja kwenye vigunduzi vya silikoni, kisha ujumlishe nishati zao. Florini huongeza MeV 2.88 (MeV ni kipimo cha nishati, sawa na keV 1000) juu ya nishati iliyoingia, oksijeni 3.98. Zitenganishe kwa tofauti hiyo. Na uwiano wa florini kwa oksijeni usiupime asubuhi ukauamini mpaka usiku, kwani chanzo cha mkondo hubadilika. Chemba ya gesi, kigunduzi ambacho viini hupoteza nishati vikipita ndani yake, itakuonyesha: florini ina protoni 9, hivyo hupoteza nishati zaidi humo kuliko oksijeni yenye 8.

Hata shabaha ya plastiki huchakaa. Mkondo huipasha moto, hidrojeni ikatoka, na wewe ukadhani mmenyuko umepungua. Hesabu protoni zinazorushwa mbele muda wote wa zamu.

Najua unataka kufika kwenye rezonansi ya keV 330, nishati ambapo mmenyuko huongezeka ghafla, kabla ya wenzako. Huko matukio ni machache, na oksijeni kidogo tu inatosha kukupotosha. Kasi ya mmenyuko ikiandikwa kubwa mno, watu wa darubini za gama wataambiwa florini karibu yote imeteketea ndani ya nova, yaani mlipuko kwenye uso wa nyota, hakuna cha kutafuta. Nayo ndiyo yenye nusu uhai wa dakika 110, inayodumu mpaka gamba la gesi lililorushwa na mlipuko lipanuke na miale ya gama ya keV 511, itokanayo na kuoza kwake, ipenye. Naitrojeni-13, inayozaliwa humo pia na yenye nusu uhai wa dakika 10, nyingi yake huoza gamba likiwa bado zito.

Kazi yako ni safi, najivunia sana. Ila haraka unayo tangu utotoni. Pengine ni kwa sababu hapa nyumbani jibu la "bado sijajua" halikupokelewa vizuri, na mpokeaji nilikuwa mimi.

Baba yako amebadilisha tangi la maji, lile la zamani lilipasuka. Ada ya mdogo wako imebaki nusu, usitume kitu mpaka nikuambie. Bibi anauliza kama koti limekufika.

Ukijibu, nianzie na oksijeni.

Mama yako